Rasta wa Masasi na Wembe wa Chiwata

Miaka ile ya ruksa, mtu wa Masasi alikuwa huru kuuza chochote na kuamini chochote, almuradi apate wateja. Kila msimu walikuja wanunuzi wapya wa korosho wenye mizani mipya na maneno matamu, soko likajaa mitumba, na huko Dar es Salaam magazeti ya watu binafsi yakawa yanachipuka kama uyoga wa masika, leo lipo, kesho limeoza. Moja katika hayo liliitwa Mwangwi, nalo lilitoka kila wiki. Ukurasa wa muziki wa gazeti hilo ulikuwa mali ya Halfani Mfaume wa Masasi. Au tuseme yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa mali yake, maana tangazo la sabuni lilipohitaji nafasi, mhariri alimkatia makala katikati ya sentensi bila hata kumwomba radhi.

Halfani alikuwa na kibanda cha kanda karibu na stendi. Juu ya mlango alikuwa ameandika MIZIZI kwa nyekundu, njano na kijani, na hilo ndilo lililokuwa jina la safu yake gazetini pia. Mchana kutwa aliwarekodia watu kanda. Yeye alipenda rege, lakini rege haikumlisha. Waliomlisha ni wapenda bolingo, wapenda taarabu, na wanakwaya wa Lulindi waliotaka kusikia sauti zao zikitoka kwenye redio kaseti. Jioni alifunga mlango, akaandika makala kwa mkono, na asubuhi akamkabidhi kondakta wa basi la Dar. Mvua ikikata barabara kule Rufiji, makala ilifika wakati wimbo uliosifiwa umeshazeeka.

Hilo halikumkera. Alikuwa na neno moja tu moyoni, na kila wiki alilivika nguo nyingine: kwamba rege ni ngoma ya Kiafrika iliyovushwa bahari kwa minyororo ikarudi kwa kanda, na kwamba Mwafrika aliyetupa mizizi yake hana pa kusimama. Alitaka vijana wa kusini waache kuiga kila kinachoshushwa bandarini, wasikilize ngoma za kwao. Aliandika juu ya Uhabeshi, juu ya chakula kisichotiwa chumvi, juu ya nywele. Kuhusu nywele aliandika makala nzima. Wembe, alisema, uliletwa na Babiloni, ndiyo dola ya Mzungu, ili Mwafrika aone aibu kwa kilichoota kichwani mwake mwenyewe. Makala hiyo aliipenda kupita zote, akaibandika ukutani kibandani, juu kidogo ya kanda za kwaya.

Yeye mwenyewe alikuwa na rasta zilizopita mabega. Alizianza Dar, alikokwenda kijana baada ya baba yake kupotea, akawa mbeba magunia Kariakoo na mfuasi wa kijiwe kimoja cha marasta. Kule Dar zilimtia taabu. Polisi walimpekua kila wiki, na mama mwenye nyumba alimwambia waziwazi kwamba hataki kupangisha mwendawazimu. Kwa hiyo aliporudi Masasi alikuja amejikaza, tayari kuteswa kwa ajili ya imani. Basi ajabu ni kwamba hakuteswa.

Watu walimheshimu. Akiingia sokoni, wauza karanga walimjazia kopo mpaka zinamwagika. Vikongwe walimshika bega na kumwambia, "Vumilia, mwanangu." Mgambo, ambao kwa wauza kanda wengine walikuwa moto, wakifika kwenye kibanda chake walishusha macho na kupita. Safari moja huko Chiungutwa mzee mzima aliinuka kwenye kigoda akampisha yeye, kijana, akae. Halfani alichanganyikiwa. Akakuna kichwa siku nyingi, mwisho akapata jawabu, na jawabu likawa makala: watu wa kusini wanamtambua Rasta kwa damu. Mmakonde, Mmakua na Myao hawajasoma kitabu kuhusu Uhabeshi, lakini roho zao zinakumbuka. Kijiwe cha Dar kilifurahi mno. Wengine walituma salamu kwamba wanafikiria kuhamia.

Laiti angemuuliza mtu yeyote wa kijijini kwao, Chiwata, angeelezwa papo hapo. Lakini hawa waandishi wana ugonjwa wao. Watauliza ya watu mpaka wachoshe. Ya nyumbani kwao hawaulizi, kwa sababu wanadhani walizaliwa wakiyajua.

Msimu mmoja wa korosho alipanda Newala kurekodi ngoma. Alimkuta Mzee Vitalis, fundi anayesifika uwanda mzima wa Makonde, akizikanga ngoma zake kwenye moto wa nyasi ili ngozi zikaze. Mzee alipoanza kupiga, Halfani aliruka kwa furaha.

"Mzee, umesikia ulivyopiga? Hapo ulipoacha, halafu ukashuka mara moja na ile kubwa! Hiyo ndiyo rege yenyewe!"

"Hapo nilipoacha?" Vitalis akafikiri. "Hapo wanawake wanaleta maji ya kunywa. Ngoma ikiendelea hawapiti."

Halfani akacheka, akaandika hilo pia. Walipomaliza, mzee alimtazama kichwani kwa muda, uso ukamlegea.

"Bado unamngoja tu?"

Halfani akadhani anaulizwa habari za Mfalme wa Uhabeshi, ambaye marasta husema atarudi. Moyo ukamjaa. Huyu mzee hajatoka Newala maishani mwake, na anajua!

"Bado ninamngoja, mzee wangu. Naamini atarudi."

"Nnungu anakuona," Vitalis akasema, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kumbe bado wapo watoto."

Kabla Halfani hajauliza watoto gani, dereva wa lori la korosho kutoka Masasi alimletea ujumbe. Ulitoka kwa mjomba wake mdogo, Nikolao: arobaini ya Mjomba Tahiri ni Ijumaa. Aje Chiwata. Na asije na kofia.

Hapo furaha ilikatika. Mjomba Tahiri alikuwa mkubwa wa ukoo, kaka wa mama yake. Siku ya maziko Halfani alibeba jeneza kichwa kikiwa ndani ya kofia kubwa ya sufi, na hakuna aliyesema neno. Lakini arobaini si maziko. Kwao mtoto ni wa tumbo la mama, na siku ya arobaini wote wa tumbo hilo hunyolewa, wakubwa kwa wadogo, ndipo msiba unaondoka. Kichwa kimoja kikibaki, msiba umebaki. Mjane wa Tahiri, Bi Zena, asingeweza kutoka ndani alimokaa tangu mumewe azikwe. Wala watoto wa ukoo wasingepelekwa jandoni mwaka ule, maana huwezi kupeleka watoto kwenye furaha ukoo ukiwa bado uko makaburini.

Akashuka kutoka Newala amekaa juu ya magunia, na njia nzima kichwa kinamzunguka. Angewaambia nini? Kwamba Mwafrika arudi kwenye mizizi? Si ndiyo hiyo mizizi imemtumia ujumbe kwa dereva wa lori! Kwamba wembe uliletwa na Babiloni? Babu wa babu yake alinyolewa Chiwata kabla Mzungu wa kwanza hajaonekana, kwa kipande cha chuma cha mhunzi wa Kiyao. Hilo alilijua tangu utotoni, na siku anaandika ile makala lilimpitia kichwani akalifukuza. Akinyoa, amemsaliti Jah na wasomaji wote wa Mwangwi. Asiponyoa, amewasaliti Waafrika wenyewe, tena wale aliozaliwa nao. Ukimwuliza ipi Afrika na ipi Babiloni, siku ile angekujibu kwa kulia tu.

Chiwata ilijaa watu. Waislamu walisoma hitma, na wale wa upande wa Nikolao, aliyebatizwa Lulindi, walikaa kimya nyuma na kusema amina kila walipoona wenzao wanasema. Pilau ikaliwa. Kisha pakawekwa mkeka mbele ya nyumba, beseni la maji, kipande cha sabuni na nyembe mpya. Wanawake walikuwa wakinyolewa uani. Wote walikwisha isipokuwa Mama Halfani, Bi Somoe, ambaye alisema yeye atakuwa wa mwisho, na kwa kuwa ni dada wa marehemu hakuna aliyebishana naye.

Wanaume walikaa mkekani mmoja baada ya mwingine. Nikolao alinyolewa. Binamu wakanyolewa. Wakainuka na vipara vinavyong'aa, wakisuguana vichwa na kutaniana, kwa sababu msiba uliokuwa unaondoka uliruhusu utani. Kisha mkeka ukabaki mtupu na kila jicho likamgeukia Halfani.

"Karibu, mpwa wangu," Nikolao alisema.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Nilishakuitikia asubuhi. Kaa."

Halfani hakukaa. Alisimama pembeni ya mkeka na kuanza kuhutubia, na kwa kweli alianza vizuri. Alizungumzia agano kati ya mtu na Muumba wake. Alizungumzia watumwa, na nywele zao walizokatwa melini. Alifika mpaka Uhabeshi. Watu walimsikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza bwana shamba akieleza dawa ya ukungu wa mikorosho ambayo hawana fedha ya kuinunua.

"Mjomba wako alikulea," Nikolao alisema alipomaliza. "Baba yako alipopotea, nani alikununulia sare ya shule?"

"Mjomba Tahiri."

"Shemeji yangu Zena yumo humo ndani. Mguu unamvimba kwa kukaa. Atoke, asitoke?"

"Atoke."

"Basi kaa."

Halfani akakwama. Mguu wa Bi Zena haukuwa na jibu katika Uhabeshi wote. Angekaa, angekaa kweli, kama sauti ya mama yake isingesikika kutoka pembe ya nyumba.

"Kichwa hicho hakiguswi!"

Bi Somoe alikuja mbele ya wanaume, khanga kajifunga kichwani mpaka kwenye nyusi, akasimama kati ya mwanawe na beseni. Halfani alikaribia kulia kwa shukrani. Kumbe miaka yote ile aliyokuwa akimsomea mama yake makala za Mwangwi, naye akiitikia "ehe, ehe" huku akipepeta mtama, kumbe alikuwa akisikia! Mama yake mzazi ameingia katika imani!

"Nywele hizo si za Tahiri," Bi Somoe alisema. "Mnajua nyote ni za nani. Ni za Mfaume."

Hakuna aliyeshangaa. Wazee waliitikia kwa vichwa, vikongwe wakashusha pumzi. Mtu pekee aliyebaki mdomo wazi katika uwanja ule ni mwenye kichwa.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa huko analijua. Mwana akiwa jandoni, mama yake hanyoi. Mtu akifa, ndugu hawanyoi mpaka arobaini, kwa kuwa marehemu bado yuko safarini. Kwao nywele zikiachwa zikakua, maana yake ni moja: kuna mtu yuko njiani, hajafika. Na Mfaume, baba yake, alivuka Ruvuma kwa baiskeli na mzigo wa chumvi wakati wa vita vya Msumbiji, hakurudi. Vita viliisha. Wakimbizi wa kule wakarudi kwao, wa huku wakarudi huku, Mfaume hakuonekana wala habari zake. Hakuzikwa, hakusomewa hitma, hakunyolewa mtu. Kisha mwanawe akashuka kwenye basi kutoka Dar ana nywele zisizoguswa na wembe, na Masasi nzima ikasema: tazameni mtoto anavyomngoja baba yake.

Yale makopo ya karanga! Kile kigoda cha Chiungutwa! Machozi ya Mzee Vitalis! Halfani aliandika kwamba wanamtambua Rasta kwa damu, nao walikuwa wakimpa pole.

"Dada," Nikolao alisema kwa upole, "waliokuwa wa kurudi wamerudi."

"Wewe ulimwona amelala wapi?"

"Sikumwona."

"Basi nyamaza. Wameniposa wangapi mnawajua, na nimewajibu nini? Nimewaambia mtazameni mwanangu kichwani. Mwenye habari ni yeye." Akamgeukia Halfani. "Waambie. Baba yako yuko njiani au hayuko?"

Hilo ndilo swali ambalo mwandishi wetu hakuwahi kuulizwa na mhariri yeyote. Akisema yuko njiani, amemfungia mama yake subira isiyo na mwisho, na Bi Zena naye abaki ndani na mguu wake. Akisema hayuko, amemuua baba yake mbele ya watu, kwa mdomo, bila ushahidi. Na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko yote mawili: kwamba kwa miaka mingi hakuwa amemfikiria Mfaume hata kidogo. Alikuwa amemlilia mfalme wa mbali aliyemwona kwenye picha tu, na yule aliyemfundisha kupanda baiskeli hakumtolea chozi.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mimi sijui. Nywele hizi nilizifuga Dar kwa ajili ya dini. Baba hakuwemo. Nisamehe, sikujua kama ulikuwa..."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nitakosaje kujua? Umenisomea magazeti yako mpaka masikio yameota sugu. Jah, Jah, Uhabeshi, Uhabeshi. Nilijua hukuzifuga kwa ajili yake." Akaikaza khanga kichwani. "Lakini watu waliponiambia mwanao anamngoja baba yake, nilikubali. Ningewaambia nini? Mke peke yake akingoja, wanamwita mjinga. Akingoja na mwanawe, wanamwita mke. Nami nilitaka kuitwa mke, Halfani."

Halfani alimtazama mama yake asijue amkasirikie, amwonee huruma, au ampigie magoti. Alitamani mtu amwambie ni lipi kati ya hayo. Hakuna aliyemwambia.

Kutoka ndani sauti ya Bi Zena ilisikika, imechoka, haina hasira.

"Wifi yangu, mimi wangu nimemzika. Nimeshika udongo wake. Wewe je, utashika nini?"

Bi Somoe akafanya jambo ambalo mwanamke hafanyi mbele ya wanaume siku ya arobaini: aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akamvuta mwanawe mkono akamkalisha mbele yake, mgongo ukiegemea magoti yake, kama alivyokuwa akimkalisha zamani kumtoa chawa. Akachukua wembe.

Nikolao aliinua mkono kumzuia, kisha akamsogezea beseni.

Rasta si nywele za kunyoa mara moja. Alizikata moja moja, kwa kuzikereza, na kila moja aliiweka juu ya khanga aliyoitandaza pembeni. Halfani alijiandaa kusikia agano likivunjika. Alingoja radi ndani ya kifua chake. Alichosikia ni vidole vya mama yake tu, vikigeuza kichwa chake kushoto na kulia, na upepo baridi ukifika mahali ambapo haukuwahi kufika tangu akiwa kijana. Kama huko ni kusaliti au ni kuamini kwa mara ya kwanza, hakuelewa siku ile, na waliomuuliza miaka ya baadaye wanasema hakuelewa hata wakati huo.

Rasta ya mwisho ilipowekwa kwenye khanga, mwanamke mmoja uani alitoa kilio. Wenzake wakapokea. Hawakumtaja Tahiri. Walilia "Mfaume! Mfaume wee!" na wanaume wenye vipara vipya wakainamisha vichwa, wakaanza kumpa Halfani mkono wa pole mmoja mmoja, kama watu waliofika msibani sasa hivi. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujali safu wala kijiwe, akilitaja jina ambalo kwa miaka mingi alikuwa amelibeba nyuma ya jina lake kama ukoo tu.

Nikolao alisema basi, msiba umeondoka, Zena atoke. Lakini kikongwe mmoja alikohoa, akanyoosha kidole. Kilibaki kichwa kimoja.

"Njoo uani, Mama Halfani, tukunyoe," wanawake waliita.

"Hapana," Bi Somoe alisema. Akamkabidhi mwanawe wembe. "Huyu ndiye aliyemngoja pamoja nami, hata kama hakujua. Anyoe yeye."

Akafungua khanga kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimesukwa mabutu madogo kwa uangalifu, zimepakwa mafuta na kunukia, kama za mwanamke anayetarajia mumewe arudi jioni ile. Halfani alizishika. Alichovya maji, akaanza nyuma ya sikio.

"Taratibu, mwanangu," mama yake alisema, amefumba macho. "Ndiyo kwanza nimefiwa."